Kaburi la Mshazari

Joviana Gozbert alipochaguliwa kusoma historia ya dunia, tamaduni na dini katika chuo kikuu kimoja mjini Bukoba, baba yake alimuuliza swali moja tu: dini anayo tayari, anaenda kusomea nini? Hakuuliza kwa hasira. Gozbert ni katekista wa kigango kimoja nje kidogo ya Nshamba, wilayani Muleba, na kwa zaidi ya miaka thelathini amewafundisha watoto kujibu maswali ya imani kwa sauti moja. Kwake, swali ambalo jibu lake halijaandaliwa ni swali la mtu asiye na kazi.

Majirani walikuwa wakali zaidi. Binti wa huyu anasomea uuguzi, wa yule ualimu wa hisabati, na wa katekista anasomea Wahindu. Mama mmoja alimsimamisha mbele ya duka la pembejeo akataka kujua kama akihitimu atakuwa sista au mganga. Joviana alimjibu kwamba atakuwa mganga, na mgonjwa wake wa kwanza atakuwa yeye. Ni msichana mfupi, anayezungumza polepole, na watu humdhania mtiifu mpaka siku wanapojaribu kumwamuru.

Somo lililombadilisha lilikuwa la maziko. Mhadhiri wake, Dk. Rweyemamu, hana mbwembwe darasani. Alianza na Wahindu wanaochoma maiti, akapita kwa Wayahudi, akaeleza jinsi Wazoroasta wa zamani walivyowaachia ndege miili ya wafu wao juu ya minara, darasa likaguna. Alipofika kwa Waislamu alichora ubaoni mtu aliyelala kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea Makka. Kisha akawataka wanafunzi wanyooshe mikono kuelekea Makka. Karibu wote walinyoosha mashariki. Mhadhiri akatikisa kichwa. Kutoka Bukoba, alisema, Makka iko kaskazini, ikiegemea mashariki kidogo tu. Anayechimba kaburi la Mwislamu hapa lazima alilaze kwa kuukata mwelekeo huo.

Hapo Joviana aliacha kuandika. Alikuwa anaiona migomba ya kwao.

Wahaya huzika nyumbani. Kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, ndilo pia makaburi ya ukoo, na mtu huzikwa humo kwa sababu ni wa humo. Mgeni akifia kwako unampeleka kwao. Ukimzika kwenye kibanja chako umesema jambo kubwa, na watu watataka kujua umelisema kwa haki gani. Kwenye kibanja cha Gozbert makaburi yamelala kufuata mteremko, vichwa upande wa nyumba, kila moja na msalaba wake, wa saruji kwa waliokufa karibuni na wa mti kwa wa zamani. Moja tu limekata mshazari. Liko kando ya kaburi la Protase, babu yake Joviana, chini ya mti mzee wa mbuni, na halina msalaba. Watoto wote wa nyumba hiyo walikua wakiambiwa kwamba ni la jamaa wa mbali, na kwamba wachimbaji walikuta jabali chini wakalazimika kugeuza.

Maelezo hayo yaliwatosha. Mvulana mmoja wa kwao aliwahi hata kuwaeleza wenzake shuleni kwamba jamaa huyo alikuwa mkaidi, akagoma kulala kama wengine.

Joviana alirudi nyumbani Jumamosi iliyofuata. Alisimama kichwani mwa kaburi na dira ya simu. Halafu, kwa kuwa dira ya simu hudanganya, akasubiri jua la kesho yake akapima tena kwa kivuli cha fimbo. Kaburi lilikuwa limelazwa sawasawa. Aliyelichimba alijua anachofanya. Kisha alichukua mtaimbo wa baba yake akaushindilia ardhini, hatua moja kutoka ukingoni mwa kaburi, halafu upande wa pili, halafu chini ya miguu. Kila mahali uliingia mpaka kwenye kiganja. Udongo mwekundu, laini.

Gozbert alimwona kutoka barazani. Walipomaliza kula, alianza na mtaimbo. Aliagiza urudishwe ulipotolewa.

"Nimeurudisha, Tata," Joviana alisema. "Hakuna jabali."

"Basi mtaimbo wetu ni mfupi," alisema Gozbert, akawasha redio.

Mama yake, Vestina, alikusanya vyombo bila kumtazama yeyote. Joviana aliijua namna hiyo ya kukusanya vyombo. Ilikuwa na maana kwamba mama analo jibu na kwamba hatalitoa.

Aliyelitoa ni shangazi. Agnetha, dada mkubwa wa Gozbert, ni mjane anayeishi Kagondo, pembezoni mwa mji wa Bukoba, kwenye kibanja alichoachiwa na mumewe. Ni mwanamke mrefu mwenye sauti nzito, na wajukuu wake humwogopa kuliko walimu wao. Joviana alimkuta uani anamenya ndizi za mchana, akachukua kisu cha pili akakaa. Kwa muda walizungumza habari za mvua. Kisha Joviana akasema alilokuja kusema, na Agnetha akataka kujua nani amemtuma.

"Hakuna aliyenituma. Nimeona mwenyewe."

"Umeona nini?"

"Mwislamu amelala kando ya babu."

Agnetha aliendelea kumenya. Alimaliza ndizi aliyoshika, akaitumbukiza kwenye maji, akachukua nyingine.

"Miaka yote hii," akasema, "mnasoma, mnapita pale mkienda kuchuma kahawa, na hakuna hata mmoja aliyeangalia. Mimi nilidhani nyote ni vipofu."

Aliyelala pale anaitwa Haidari. Alikuwa mnunuzi wa kahawa, alifika Nshamba akiwa kijana, hana ndugu karibu, akapanga chumba nyuma ya duka. Protase alikuwa mmoja wa wakulima waliomuuzia. Mwaka mmoja Protase aliugua, na ndugu zake wa damu, kwa sababu za ugomvi wa mpaka, hawakufika. Haidari ndiye aliyempakia kwenye baiskeli na kumsukuma mpaka hospitali ya misheni, akakaa naye huko mpaka aliposimama. Walipokuwa wamerudi nyumbani walikula kahawa pamoja.

Msomaji asiye wa Kagera huenda akafikiri kwamba walikunywa. Hapana. Tunda moja la kahawa lina punje mbili zilizolala pamoja. Wawili wanaotaka kuwa ndugu hugawana tunda hilo. Kila mmoja hujichanja kidogo karibu na kitovu, hupaka punje yake damu, na mwenzake huimeza. Tangu hapo hawanyimani kitu, mmoja hasemwi vibaya mwingine akinyamaza, na watoto wao hawaoani kwa sababu ni ndugu. Huo ndio omukago. Joviana aliwahi kuusoma chuoni, nusu ukurasa, katikati ya mifano ya undugu wa kiapo kutoka mabara mengine. Kwa Agnetha haukuwa mfano. Akiwa msichana mdogo, yeye ndiye aliyeshika bakuli lenye tunda hilo.

Haidari alifia nyumbani kwa Protase, msimu wa masika, kwa homa. Mke aliyemwoa baadaye alikuwa amekwenda na watoto kwa wazazi wake. Protase alisema ndugu yake hataondoka. Waislamu wa Nshamba walikuja, wakamwosha, wakamswalia uani, na mzee mmoja kati yao akaonyesha kwa fimbo namna ya kulaza kaburi. Majirani Wakristo ndio waliochimba.

Jumapili iliyofuata Protase alinyimwa komunyo. Waliokuwa wakiongoza waumini wakati ule walimtaka asimame mbele ya watu aseme kwamba omukago ni upagani na kwamba anautubu. Alikataa. Hakuhama kanisa, na hakuacha kwenda. Kila Jumapili aliketi benchi la mwisho, na wengine walipopanga mstari kwenda kupokea, yeye alibaki ameketi na mwanawe Gozbert kando yake, mtoto wa miaka minane, wakitazamwa. Ilikuwa hivyo kwa miaka. Kisha alikuja padri mwingine, akampa komunyo siku ya kwanza bila kumuuliza neno.

"Baba yako hakumchukia Haidari," Agnetha alisema. "Alikuwa akibebwa naye mabegani mpaka sokoni. Alichukia lile benchi."

Joviana aliweka kisu chini akapangusa macho. Shangazi alimwambia kama amekuja kulia, vitunguu viko ndani.

Mwaka wa tatu ulipodai utafiti, alipeleka mada yake bila kusitasita: omukago kati ya Wakristo na Waislamu wilayani Muleba, kwa kuanzia na nyumba ya Protase. Dk. Rweyemamu alimwita ofisini akamuuliza kama ameshafikiri maana ya kuchimba habari za nyumbani kwake mwenyewe, ambako atarudi kula Krismasi. Joviana alimjibu kwamba kwa miaka miwili wamejifunza makaburi ya watu wa dunia nzima bila kuwaomba ruhusa. Haoni kwa nini ya kwao yastahili heshima kubwa zaidi. Mhadhiri alitia saini.

Gozbert alipoambiwa, alimjibu kwa upole, na upole wake ndio uliomkasirisha Joviana. Achague kingine, alisema. Dunia ni kubwa, ina Wachina, ina Wahindi, ina Warumi. Amwache mzee Protase alale. Alisumbuliwa vya kutosha alipokuwa hai. Joviana alisema kumsumbua mzee ni kumwekea jabali ambalo halipo. Baba alinyanyuka akaenda kwenye mazoezi ya kwaya, ambayo siku hiyo hayakuwapo.

Huenda jambo hilo lingebaki hapo, kama si vigae.

Vigae vilitoka kwa Dastan, mdogo wake Gozbert, mfanyabiashara wa Mwanza. Kwa sasa ndiyo desturi ya wenye uwezo: makaburi ya nyumbani huinuliwa, huzungushiwa ukuta mfupi, hufunikwa vigae vyeupe, na lango la chuma huwekwa mbele. Dastan alikuwa ameona ya wenzake na hakutaka wazazi wake walale kwenye majani. Fundi angejenga Oktoba, na Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, padri angekuja kubariki. Makaburi yangekuwa safu mbili zilizonyooka na njia katikati. Kwenye mchoro wa fundi, kaburi la mshazari lilikuwa chini ya njia.

Dastan alifafanua kwa simu kwamba halibomolewi, linasawazishwa tu. Joviana alimuuliza kama yeye Dastan akifa angependa kusawazishwa. Dastan alimwambia kaka yake kwamba ndivyo inavyokuwa ukimpeleka msichana kusoma mambo yasiyo na ajira.

Joviana alimwomba baba yake njia isogezwe. Gozbert alikataa. Aliomba mara ya pili mbele ya mama yake, na Gozbert alikataa mara ya pili, na safari hii alitoa sababu. Padri atapita pale akinyunyiza maji ya baraka. Atafika kwenye kaburi lisilo na msalaba, atauliza ni la nani, na watu wote watakuwa wanasikiliza. Yeye, Gozbert, amefanya kazi ya Mungu maisha yake yote ili swali la namna hiyo lisiulizwe tena nyumbani kwao.

"Ulikuwa mtoto, Tata," Joviana alisema. "Hukufanya kosa lolote pale kwenye benchi."

"Najua. Ndiyo sababu sitaki kurudi."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa baba kukiri mbele yake kwamba benchi lilikuwapo. Lakini hakubadili neno.

Siku ya kuanza kazi, kibanja kilijaa watu. Lameki, fundi kutoka Ijuganyondo, Mlutheri mwenye utani mwingi ambaye amejenga makaburi ya kila dhehebu la mji wa Bukoba, alikuwa ameshafunga kamba zake na kupigilia vigingi. Majirani walikuwa wanasogeza mawe na mchanga. Wanawake walikuwa kwenye masufuria. Dastan alikuwa amefika kutoka Mwanza na viatu visivyofaa kwa shamba.

Joviana alitokea upande wa mpakani akiwa na fimbo nne za omulamula kwapani na panga mkononi.

Omulamula ni mmea wa majani marefu usio na tunda wala ua la kusifia. Ukikata kipande ukakichomeka ardhini kinaota. Wahaya huupanda kwenye mipaka ya vibanja, na kazi yake ni kusema hapa ni pa fulani, akiwapo au asipokuwapo. Ukishapandwa mbele ya mashahidi, hauondolewi na mtu mmoja. Wazee wa ukoo hukaa, husikiliza pande zote, ndipo huamua. Watu wameshtakiana mpaka mahakamani kwa ajili ya viwanja, lakini hata huko hakimu kwanza huuliza omulamula uko wapi. Anayeung'oa peke yake hutazamwa kama mtu aliyempiga mama yake.

Alisimama kwenye kaburi la mshazari akaomba watu wamwangalie. Aliwataja majirani watatu kwa majina yao, wote watu wazima, akawaomba wawe mashahidi. Kisha akasema kwa Kihaya kwamba aliyelala hapa ni Haidari, ndugu ya Protase kwa omukago, na kwamba amelazwa hapa na mwenye kibanja. Akachomeka fimbo ya kwanza kichwani, akaipiga kwa bapa la panga, akaenda kona ya pili. Wanawake waliacha masufuria. Mpaka fimbo ya nne inaingia, hakuna aliyekuwa akifanya kazi.

Dastan ndiye aliyezungumza kwanza.

"Mwanamke hapandi omulamula."

"Basi haujapandwa, Baba Mdogo," Joviana alisema. "Ng'oa."

Dastan alizitazama fimbo. Kisha akamgeukia fundi akamwagiza aondoe hivyo vijiti, kazi iendelee.

"Mzee, mimi nimeitwa kuweka vigae," alisema Lameki.

"Ni vijiti tu, fundi."

"Kama ni vijiti, wewe uko karibu navyo kuliko mimi."

Kicheko kilitoka upande wa masufuria, kikazimwa haraka. Dastan hakusogea. Ana digrii ya biashara, ana maduka, na siku hiyo hiyo alikuwa amewaeleza watu kwamba mambo ya mila yamepitwa na wakati. Alibaki ameweka mikono mfukoni. Hatimaye alimtazama kaka yake, na watu wote wakageuka kumtazama Gozbert, mwenye nyumba.

Hapo ndipo Joviana alipofanya jambo ambalo baadhi ya waliokuwapo hawajamsamehe. Hakumwacha baba yake atafute njia ya kutokea.

"Tata, wewe unafundisha kila Jumamosi kwamba hakuna nguvu ndani ya mti. Ni mti tu. Kama unaamini hivyo, njoo uung'oe mbele yetu. Kama huamini, usiwafundishe watoto."

Gozbert alishuka kutoka barazani. Alitembea katikati ya watu mpaka kaburini, akaushika omulamula uliokuwa karibu na kaburi la baba yake. Wanaosimulia wanatofautiana hapa. Jirani mmoja anasema aliutikisa kama anayejaribu jino. Mwingine anasema aliufuta udongo tu. Vestina, aliyekuwa karibu kuliko wote, anasema mumewe alikuwa anatetemeka na kwamba hilo halimhusu mtu mwingine.

Wote wanakubaliana kuhusu kilichofuata. Aliuachia, akamwambia Lameki sakafu iishie pale, akaingia ndani na kufunga mlango.

Lameki alifungua kamba zake akafunga upya. Sakafu nyeupe ya ukoo huo leo ina kona iliyokatwa, na kwenye kona hiyo kuna udongo, mbuni mzee na mimea minne iliyoshika mizizi. Novemba padri alikuja. Ni kijana, mtu wa Karagwe. Alipofika kwenye kona aliuliza ni nani, kama Gozbert alivyotabiri, na watu wote walikuwa wanasikiliza, kama alivyotabiri pia. Gozbert alikuwa ameshika kitabu cha nyimbo na hakuinua macho. Joviana alitaja jina na undugu. Padri aliuliza kama ndugu zake wapo. Alipoambiwa wanatafutwa, alisema basi wao ndio watakaokuja kumwombea, akasimama pale kidogo akiwa kimya, akaendelea na safu ya pili.

Kuwapata ndugu hakukuwa kugumu. Agnetha alikumbuka kwamba wana wa Haidari walihamia mjini. Joviana aliulizia kwenye msikiti mmoja, kisha kwenye mtaa wa vipuri vya pikipiki, akamkuta mjukuu aitwaye Najibu nyuma ya kaunta iliyojaa minyororo na taa. Najibu alijua tu kwamba babu yake alizikwa na Wakristo na kwamba kwao hilo halizungumzwi. Joviana alidhani ni kwa sababu ya Wakristo. Najibu alimsahihisha: ni kwa sababu ya damu. Kumeza damu ni haramu, na bibi yake alikufa bila kutaka mtu alitaje jambo hilo. Nyumba mbili, za dini mbili, zilikuwa zimemficha mtu mmoja kwa sababu ya punje moja ya kahawa. Sentensi hiyo iko kwenye sura ya tatu ya utafiti, na Dk. Rweyemamu alitaka kuifuta kwa kuwa haina rejea. Joviana alikataa kuifuta.

Najibu alikwenda Nshamba siku ya Jumapili na mke wake na wazee wawili wa mtaani kwao. Vestina aliwapokea. Aliwatolea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama mgeni wa heshima anavyotolewa, na hakuna aliyeikataa. Walisoma dua zao kaburini. Gozbert hakuwapo. Alikuwa ameondoka asubuhi kwenda ibada na akabaki kigangoni mpaka jioni, na alipowakuta njiani wakirudi, walipunga mikono, yeye akaitikia kwa kichwa na kupita.

Joviana alimsubiri barazani. Walizozana kwa sauti ya chini, kwa Kihaya, wakati Vestina anapita na kurudi bila sababu. Baba alisema kaburi ameliacha. Omukago hajaukubali na hataukubali. Binti alisema hakuna aliyemwomba akubali, aliombwa asalimie. Baba alisema kusalimia ndiko kukubali. Hakuna aliyeshinda.

Sehemu ya mwisho ya kazi yake ilikuwa ya wale walio hai: nani anakumbuka, nani anakataa, na kwa nini. Kwa taratibu za chuo, mhojiwa hutajwa kwa jina akiwa ameridhia tu. Vinginevyo anafichwa. Joviana hakuwa amemhoji baba yake rasmi, lakini alikuwa amemwandika. Alikwenda na karatasi hizo nyumbani akamsomea, mchana, wakiwa wawili chini ya mti wa mparachichi ambako Gozbert hukausha kahawa. Zilieleza benchi la mwisho, jabali lisilokuwapo, siku ya vigae, na Jumapili ya wageni. Mhusika mkuu aliitwa "katekista mmoja wa Nshamba."

Gozbert alisikiliza mpaka mwisho akigeuza kahawa kwa mkono. Aliuliza kwa nini ameitwa katekista mmoja. Joviana alimweleza kwamba ni kumlinda.

"Kunilinda na nani? Nshamba ina makatekista wengi, unawasingizia." Alipangusa viganja. "Umeandika kwamba babu yako aliambiwa akane, akakataa mbele ya watu, kwa jina lake. Na mimi nimeambiwa nikubali, nimekataa mbele ya watu. Andika Gozbert mwana wa Protase. Mimi sikukataa kwa kujificha."

Joviana alimuuliza kama ana uhakika. Karatasi zitakaa maktabani, watu watasoma, watoto wake wa katekesimu wakifika chuo watasoma.

"Wasome," alisema Gozbert. "Na wewe hapo mbele yangu, kata hilo neno la 'katekista mmoja.'"

Joviana alichukua kalamu akalikata.